Karabai ya Kusini

Harufu ya mafuta ya taa ikinipitia puani, hata dukani, nageuka kutazama nani kaingia. Baba alinukia hivyo. Alikuwa mvuvi wa dagaa kwetu Kagunga, enzi za karabai, kabla ya hizi taa za betri zisizo na harufu wala mlio.

Nyumbani kwetu giza lilimaanisha kazi. Dagaa hufuata taa, na mwezi ukiwaka hawaijali. Kwa hiyo usiku wa giza baba alikuwa ziwani, na mbalamwezi ikija alizima karabai, akakaa nasi akijitapa kwamba mwezi umempa likizo.

Msimu mmoja wa mvua, dhoruba ilichukua mtumbwi wake. Hawakuokota hata ubao. Watu walilia, mimi nikawashangaa, maana taa yake niliiona. Msinicheke. Mvua ilipokata, upande wa kusini, juu ya taa za wavuvi wengine, palikuwa na kiwingu cha mwanga, hafifu, peke yake. Nikajua baba amekwenda mbali mno.

Mwezi ulipokua, kiwingu kikapotea.

"Mama, baba amezima karabai. Anakuja."

Mama alinitazama, akamkatia baba ugali, akaufunika. Asubuhi ulikuwa palepale. Giza liliporudi, kiwingu nacho kikarudi, nami nikanuna: amerudije kazini bila kupita nyumbani?

"Labda alipita umelala, mwana wanje," mama alinijibu; kwa kilugha chetu ndiyo kusema mwanangu.

Ikawa hivyo kila msimu wa mvua. Hata nilipokua nikaacha kuuliza, mama aliendelea kuufunika ule ugali.

Nilipofika sekondari, mwalimu alitueleza kwamba kiwingu kile ni galaksi ndogo, nyota zisizohesabika, inayoizunguka galaksi yetu kubwa. Kubwa inaivuta, inainyofoa kidogo kidogo, na mwisho itaimeza. Mbalamwezi huificha tu. Nililia darasani, na ukubwa wangu wote ule.

Jioni nilimsimulia mama, nikiamini namwambia jambo alilolijua siku zote. Alisikiliza, mwiko mkononi.

"Kwa hiyo huwa haizimwi?"

"Haizimwi, mama. Iko palepale."

Mbalamwezi iliyofuata alisonga ugali wa watu wawili tu, hakufunika wa baba. Miaka yote nilidhani ananibembeleza mimi. Kumbe naye alikuwa akimngoja, na habari za msiba alizipata kwangu, siku ile, jikoni.