Simu ya Ed wa Vesper

Katika mji wa Vesper, Nebraska, hakuna mtu anayeitwa Ed. Wa mwisho alikuwa fundi wa matrekta, naye alizikwa miaka kumi na minane iliyopita. Hata hivyo, kila Jumatano saa kumi na mbili jioni, redio inapofungua simu kwa mashabiki wa mpira wa chuo, ule wa Kimarekani unaochezwa kwa mikono, Ed wa Vesper hupiga. Wiki moja ana sauti nzito, wiki nyingine anakohoa, na kuna msimu ambao alikuwa mwanamke. Mji una watu mia tisa tu, na anayejitaja kwa jina lake redioni huchekwa mpaka Krismasi, kwa hiyo kila anayepiga hujiita Ed.

Jumatano ya pili ya Oktoba iliyopita, Ed alikuwa Verlin Stuhr.

Verlin ana miaka sitini na tisa. Aliendesha basi la shule kwa miaka thelathini na mmoja na hakuwahi kugonga chochote ila kulungu mmoja. Tangu mkewe Lorene alipofariki, hushinda asubuhi katika mgahawa wa Ardith, kwenye meza ya dirishani, na wanaume wenzake. Msimu huo meza ilikuwa na mada moja: ulinzi wa Chuo cha Loup Fork. Timu ilikuwa imepoteza mechi nne mfululizo, na katika ya mwisho wapinzani walivuna pointi hamsini na mbili.

Gene Hruska, mwenye bucha, aliyechezea chuo hicho mwaka 1974 na ambaye hapitishi siku bila kulisema, alitaka watu waongezwe mstari wa mbele. Lowell Teske, mwalimu wa hesabu mstaafu, alisema idadi si tatizo. Vijana wanarukia mabega badala ya kukumbatia miguu, alisema, kisha akainuka na kuonyesha kwa kutumia kiti. Ardith, akipita na birika la kahawa, aliwaambia kwamba hakuna ulinzi utakaosimama ikiwa washambuliaji wanapoteza mpira kila baada ya dakika mbili; walinzi wamechoka, basi. Hoja ya Ardith ndiyo pekee iliyoungwa mkono na takwimu, na ndiyo iliyopuuzwa upesi kuliko zote.

Verlin alisema ulinzi unasomeka. Adui anajua kitakachofanyika kabla hakijafanyika. Alikuwa ameanza kueleza kwa nini, Gene akamkatiza.

"Dereva, wewe tuambie barabara zikiwa na barafu," alisema. "Mpira tuachie sisi tuliovunjwa pua."

Meza ilicheka, na Verlin akacheka nayo. Alikuwa akicheka hivyo kwa miaka sita.

Alichotaka kusema kilimhusu Colby Vondra, jezi namba arobaini na nne, mlinzi wa kati. Colby ni wa hapo hapo, shamba lililo maili tatu kutoka mjini. Aliingia kwenye timu kwa kujitolea, bila ufadhili wa masomo, na alikaa benchi miaka miwili. Mwaka huu kocha wa ulinzi alimwahidi kwamba akimaliza msimu akiwa kikosi cha kwanza, chuo kitamlipia mwaka wake wa mwisho. Mama yake, Janelle, anayefanya zamu mbili katika nyumba ya wazee, alilitaja jambo hilo mara moja kanisani. Kufikia Jumatatu mji mzima ulikuwa unajua.

Kila mara mpira unapoanzishwa upya, mlinzi wa kati hufanya moja kati ya mambo mawili: hushambulia mbele kumwangusha mrushaji wa pasi wa timu pinzani, au hurudi nyuma kuzuia pasi. Thamani yake yote ni kwamba mrushaji asijue ni lipi. Colby, kila alipotaka kushambulia, alisugua vidole vya mkono wa kulia kwenye paja. Alipotaka kurudi nyuma, mkono ulitulia.

Makocha hawakuliona. Verlin aliliona kwa sababu alikuwa akiliona tangu mtoto ana miaka sita. Colby alipanda basi lake miaka minane, na kila alipokusudia kuchomoka kitini akamnyang'anye mtu kofia, kwanza alisugua paja. Verlin alikuwa akimtazama kwenye kioo na kusema, "Colby, usithubutu," kabla hajainuka. Watoto wengine waliamini kwamba dereva ana macho kisogoni.

Jumatano hiyo alipiga simu akiwa jikoni kwake. Mtangazaji alimwambia kwamba kila mpigaji anasema ulinzi unasomeka. Je, Ed ana mfano hata mmoja? Verlin alikuwa nao. Akataja namba ya jezi, mkono na paja.

Mtangazaji alisema hajawahi kusikia jambo hilo kwa mtu yeyote, hata kwa wachambuzi wanaolipwa.

Kesho yake meza ilimzungumzia Ed kwa heshima. Gene alisugua paja lake mwenyewe mara tatu kuwaonyesha waliokosa kipindi. Waliwataja wote wanaoweza kuwa Ed, na hakuna aliyemtaja dereva. Verlin alikula mkate wake wa mdalasini taratibu. Husema hakuwa amefurahia asubuhi yoyote kiasi hicho tangu Lorene aondoke.

Jumamosi Loup Fork walicheza na West Dakota. Mpira ulipoanza kwa mara ya tatu, Verlin, akiwa uwanjani kwenye kiti chake cha kila mwaka, alimwona mrushaji wa West Dakota akiinua kichwa na kutazama. Hakumtazama Colby usoni. Alitazama chini zaidi. Colby akasugua paja na kuchomoka mbele, na mpira ukaruka juu ya kichwa chake hadi pale alipotoka. Wakati mwingine mkono ulipotulia, hawakurusha. Walikimbia na mpira katikati, mahali ambapo Colby alikuwa ameshaanza kupaacha. Iliendelea hivyo mchana kutwa. Karibu na Verlin watu walimzomea namba arobaini na nne, na mwanamume mmoja aliuliza kwa sauti kubwa kama kijana huyo amelewa. Matokeo yalikuwa arobaini na tano kwa kumi na saba.

Haijathibitishwa kwamba mtu wa West Dakota alisikiliza redio Jumatano. Verlin hakuhitaji ithibati.

Jumatatu mezani hapakuwa na mjadala. Gene alisema Ed aliwaonya. "Mtoto anajitangaza kama taa ya breki. Atolewe leo hii." Lowell, ambaye kwa kawaida hakubaliani na Gene hata juu ya hali ya hewa, alikubali. Kisha Gene akamgeukia Verlin.

"Wewe ulimbeba huyo, dereva. Unasemaje?"

Verlin alisema alikuwa mtoto mzuri.

"Tabia yake hatujauliza," alisema Gene.

Angeweza kusema wakati huo. Alikunywa kahawa. Jumanne kocha akatangaza kikosi, na jina la Colby halikuwemo.

Usiku mbili alilala vibaya, na Alhamisi akawaambia. Alisema kwa maneno machache, macho yakiwa mezani: Ed ni mimi, nilijua tangu zamani, nikasema ili mnisikilize. Alikuwa amejiandaa kwa matusi. Badala yake Gene alimpiga begani na kucheka.

"Miaka yote hii una macho hayo na umekaa kimya? Ama kweli, bwana."

Akavuta kiti chake pembeni ili Verlin akae katikati. Lowell akauliza kama ameona lolote kwa namba ishirini, yule anayelinda ubavu wa kushoto. Walimsubiri ajibu, wote, kwa mara ya kwanza. Verlin anasema alijisikia kama mtu anayepongezwa kwenye msiba.

Ardith peke yake aliweka birika chini.

"Janelle anajua?" aliuliza.

Jumapili baada ya ibada Verlin aliendesha hadi shamba la akina Vondra. Siku iliyotangulia Colby alikuwa amekaa benchi mechi nzima. Alimkuta ndani ya banda la mashine, akibadilisha mkanda wa trekta. Njiani alikuwa amepanga maneno: meza, vicheko, miaka sita, jinsi mtangazaji alivyomsukuma. Alipofika alisema tu kwamba amekuja kwa ajili ya ile simu.

"Najua," alisema Colby, bila kuacha kazi. "Makocha walitusikilizisha Jumapili iliyopita. Walikuwa wanatafuta ni nani. Mimi sikusema."

"Uliijua sauti?"

"Mzee Verlin, sauti hiyo ilinikataza kusimama miaka minane."

Aliukaza mkanda, akaujaribu kwa kidole gumba. Alieleza, kama mtu anayesoma ripoti, kwamba mkono ameshaurekebisha. Ilichukua siku mbili za mazoezi. Nafasi yake ina mtu mwingine sasa, na kocha amemwambia ahadi ya ufadhili imefutwa. Akitaka kurudi, ataanza upya majira ya kuchipua, kama ada ya chuo itapatikana.

Verlin alisema anasikitika. Maneno hayo yalisikika madogo ndani ya banda lile.

"Kuona si kosa," alisema Colby. "Hata makocha hawakuona. Lakini ungenipigia mimi. Namba yetu ni ile ile ya zamani."

Ni kweli kwamba Verlin anayo namba hiyo. Ilikuwa imebandikwa ukutani jikoni kwake, kwenye orodha ya wazazi wa basi, karibu kabisa na simu.

Janelle aliwaita kutoka mlangoni. Alikuwa bado amevaa nguo za zamu.

"Mzee Verlin alikuwa anapita, mama," alisema Colby kabla mtu mwingine hajafungua kinywa. "Ameona asalimie."

Janelle akamkaribisha mzee ndani, akampakulia supu nzito ya nyama na maharage, akamkatia mkate. Alisema wiki nzima simu haikunyamaza. Kila mtu ana ushauri, kila mtu anajua mwanawe alikosea wapi. "Wewe ndiye wa kwanza kuja kutuona," alisema. "Lorene angefurahi."

Colby aliinamia bakuli lake. Alikuwa amempa mzee njia ya kutokea, nayo ilikuwa wazi. Angekula, angeshukuru, angeondoka. Verlin aliweka kijiko chini.

"Sikuwa napita, Janelle," alisema. "Ed wa redioni ni mimi."

"Ed yupi?" aliuliza Janelle.

Jumatano jioni huwa zamu yake. Hakuwa amesikia kipindi, na si kijana wake wala waliompigia simu aliyemtajia Ed. Ilimbidi Verlin aeleze yote, jambo moja baada ya jingine, naye Janelle akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.