Ng'ombe Mwenye Kope Ndefu

Keneilwe hakupenda kumgombeza mtu, hata kupitia simu. Chama cha wafugaji kilipomwajiri kule mjini Gaborone kuirekebisha programu yao ya kuandikisha mifugo, aliikuta imejaa maonyo mekundu, nao wafugaji wameijaza sifa za ng'ombe wao. Wakiulizwa alama ya ng'ombe, waliandika ukoo wake na jinsi mama yake alivyokuwa mkaidi kisimani. Keneilwe akafuta maonyo yote, akachora ng'ombe. Gusa sikio lenye mkato, yaishe. Wote wataandikisha kwa namna moja bila kuhubiriwa. Alimchora uso kwa uso, kope ndefu, tabasamu kidogo. Kwa kweli alijivunia kile kichwa.

Siku moja mjomba wake, Rra Gaborekwe, yaani Bwana Gaborekwe, akapiga simu kutoka kijijini Letlhakeng.

"Mpwa wangu, huyo ng'ombe wako wa kwenye simu ni mwongo!"

Mtamba wake alikuwa amepotea, sasa yumo katika zizi la mifugo iliyookotwa. Hakuwa amepigwa chapa bado, ana mkato wa sikio tu. Karani wa zizi anasema simu imeandika sikio la kulia, na mtamba amekatwa la kushoto. Asipotambuliwa, kesho mnadani. Naye ndiye wa mwisho katika uzao wa ng'ombe wa marehemu mama yake Keneilwe. Keneilwe akadandia basi la kwanza.

Zizini aliwakuta mjomba na karani, Rra Dikole, wamenuniana.

"Mjomba, labda uligusa vibaya."

"Mimi? Nimechunga tangu sijajua kuvaa viatu! Wewe ng'ombe ulimwona wapi, kanisani?"

"Mama, mimi nafuata simu," karani akasema. "Simu haina ujomba."

Keneilwe akamtazama mtamba, akaitazama picha yake, akaanza kuingiwa na wasiwasi. Akampa karani simu.

"Rra, tafadhali, hebu mwandikishe wewe huyu, kama ndio kwanza umemwona."

Rra Dikole, mtoto wa wafugaji kama wengine wote pale, hakufikiri mara mbili. Akazunguka nyuma ya mtamba, mahali ambapo mchungaji husimama maisha yake yote, akaona mkato upande wa mkono wake wa kushoto, akagusa kushoto kwa picha. Simu ikaandika: kulia, kwa kuwa ng'ombe wa pichani alikuwa amemgeukia.

Karani akakohoa. Mjomba akacheka mpaka akashika ugo.

"Anayekutazama usoni hivyo, mpwa wangu, anataka kukupiga pembe!"

Keneilwe aliona aibu, aibu ya kweli. Alikuwa amewataka watu wazima wafuate desturi moja, na yao hakuiuliza. Akakaa papo hapo juu ya ndoo, akachora upya: mkia, makalio mapana, masikio mawili kwa mbali. Mwenyekiti wa chama, mama wa kanisa, alipotumiwa picha alijibu kwamba hiyo ni matusi. Keneilwe akamwomba aende akasimame nyuma ya ng'ombe.

Rra Dikole akamfungulia mtamba. Mjomba akaombwa aandikishe upya; akagusa sikio bila hata kuuliza, simu ikaandika kushoto. Halafu kwenye jina la mwenye ng'ombe akaandika polepole, kwa kidole kimoja: Keneilwe.

"Mjomba, umekosea tena."

"Sijakosea. Mama yako aliniambia nikutunzie uzao huu mpaka utakapojua ng'ombe anatazamwa kutoka wapi."