Shati la Gwaride

Umeme ulikuwa na tabia ya kukatika nguo zikishatiwa wanga. Nasema hivyo kwa uchovu, si kwa utani. Tulikaa Old Kampala, kwenye nyumba iliyoachwa na Wahindi waliofukuzwa, na jiko la umeme tulilikuta humo humo. Mume wangu, polisi, mtu wa kaskazini, akavimba kichwa. Siku tuliyohamia alimpa dada yake sigiri yangu na pasi yangu ya makaa, akasema mambo ya moshi yamekwisha. Umeme nao ukawa unakuja ukitaka.

Jioni ile nilikuwa nimechovya shati lake la kaki kwenye wanga wa muhogo, mzito kama alivyoupenda, likakauka likawa gumu kama ubao. Shati la hivyo bila pasi halivaliki. Nikachomeka pasi ya umeme, taa zikazimika mtaa mzima. Na asubuhi kulikuwa na gwaride mbele ya wakubwa wa jeshi. Gwaride lililopita, mwenzao mmoja alifika na shati lililokunjamana. Wakasema anaidharau serikali, wakampakia kwenye gari, na hakuonekana tena. Mume wangu alikaa kitandani akilitazama lile shati, mikono mapajani. Nilikuwa na hasira juu ya pasi yangu ya makaa, lakini hata kuzisema sikuwa na nguvu.

Nikashuka kwa jirani, mama wa Kikongo aliyekuwa akikaanga mihogo uani. Nikamweleza. Hakunipa pole.

"Leta sufuria, mama," akasema. "Tutatia makala ndani. Chini yake itanyoosha muzuri."

Tukaisugua sufuria chini kwa majivu na mchanga mpaka masizi yakaisha, maana doa moja jeusi kwenye kaki lingekuwa balaa jingine. Tukaijaza makaa ya moto. Nikalitandikia shati kitambaa kibichi, nikaiburuta sufuria kwa matambara mawili, nikiomba Mungu kaa lisiruke. Vidole viliungua, mgongo ukauma, lakini shati likanyooka.

Asubuhi alikunywa chai amesimama, asije akalikunja. Akatoka. Siku nzima sikupika, na si kwa sababu ya umeme. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilinitoa roho.

Alirudi jua likizama, mzima. Nikashika mlango. Kisha nikaona furushi kwapani mwake: mashati ya kaki, makavu, magumu.

"Mama watoto," akasema taratibu, bila kunitazama, "wenzangu wameona langu. Kwao pia hakuna stima, na kesho wanatupanga gwarideni tena."

Nilitaka kumwambia nimechoka. Nilikuwa nimechoka kweli. Lakini kila shati humo lilikuwa na mke wake mahali fulani gizani, anasikiliza magari. Nikalipokea furushi.