Plagi ya Tatu Haikujibu

Gari lilipowaka asubuhi ile lilitetemeka kama mtu mwenye homa, na Bishar akainama kuisikiliza injini.

Mama yake, Arbia, alikuwa amekwisha kupanda kiti cha mbele, miguuni amevaa ndara za Bishar kwa sababu zake hazikumwenea tena. Ilikuwa siku yake ya kwenda Garissa kusafishwa damu kwa mashine. Zamu iliyopita mvua ilikata barabara, wakarudi nyumbani Modogashe bila kufika. Tangu hapo miguu ilivimba, na usiku alilala ameegemea ukuta ili apate pumzi. Akikosa na leo... Bishar hakutaka kulimaliza wazo hilo hata moyoni.

"Hooyo, shuka kidogo," Bishar akamwambia mama yake.

"Nishuke niende wapi? Nimepanda kwa shida."

"Basi kaa. Usiguse kitu."

Akafungua boneti. Injini ilikuwa ikiruka pigo moja: du-du-du, kimya, du-du-du, kimya. Moshi wa nyuma ulinuka petroli mbichi. Fundi wao, Gelle, alikuwa Wajir harusini, na simu yake ilipopatikana ikabidi apige kelele kuishinda ngoma.

"Chomoa waya za plagi moja moja, gari ikiwa inanguruma! Ukichomoa na injini ikalia, hiyo plagi ni nzima. Ukichomoa na isibadilike, mwizi wako ni huyo. Na usishike mkono mtupu, itakurusha mpaka Mandera!"

Bishar akamwomba mama yake ndara moja, akaikunja kwenye waya kama koleo. Akachomoa wa kwanza. Injini ikayumba, karibu izime. Akarudisha haraka. Wa pili, vilevile. Akachomoa wa tatu.

Du-du-du, kimya. Hakuna kilichobadilika.

Akazima gari, akamulika kwa simu ndani ya shimo la plagi. Ndani mlikuwa na maji. Juu yake zilinata nywele fupi nyeupe, na harufu iliyotoka anaijua kila aliyewahi kulala zizini.

"Hooyo," akasema polepole. "Nani ameweka mbuzi kwenye injini yangu?"

Arbia akatazama ua wa miiba.

"Jana ulirudi gari ina joto. Yule mweusi alizaa kwenye mvua, mtoto wake mweupe anatetemeka. Ningemweka wapi, kitandani kwako?"

"Ulimweka akiwa ameloa?"

"Kwani wewe ulizaliwa mkavu?"

Siku nyingine angecheka. Sasa alisikia jinsi mama yake alivyovuta hewa mara mbili ili aseme maneno hayo machache.

Akazungushia kitambaa kwenye kijiti, akafyonza maji, akakamua, akafyonza tena. Plagi akaifungua, akaikausha juu ya jiko la chai mpaka ikaacha kufuka. Kofia ya mpira ya ule waya ilikuwa na ufa mwembamba. Modogashe nzima hangepata nyingine ya gari la umri huo, kwa hiyo akaizungushia tepu nyeusi ya umeme na kurudisha kila kitu mahali pake.

"Bismillahi."

Gari likakohoa. Likakohoa tena. Kisha mapigo yakaja manne, sawasawa, bila pengo. Hakuna aliyeshangilia.

Barabarani Bishar alizima redio. Kila walipopita shimo alisubiri pigo lipotee. Ngamia walipovuka, alisimama lakini mguu haukutoka kwenye mafuta. Kando yake Arbia alipumua kwa mdomo, pumzi fupifupi, na baada ya muda Bishar hakujua tena anasikiliza ipi, injini au mama.

"Sema kitu basi," Arbia akanong'ona.

"Nyamaza, hooyo, nakuomba. Pumua tu."

Kwenye lango la hospitali askari akagonga dirisha. "Zima gari, bwana, hapa si mahali pa kuegesha!"

"Sizimi!" Bishar akaruka nje, akambeba mama yake mikononi, injini ikinguruma nyuma yake na mlango wazi.

Nesi aliyewapokea alikuwa na haraka. "Mlikuwa wapi? Nilikuwa karibu kumwita mgonjwa mwingine."

"Mwulize huyu," Arbia akasema, sauti haina nguvu. "Alikuwa anakausha plagi."

Bishar alisimama ukutani, mikono imejaa masizi, mpaka alipoona damu nyekundu inaingia kwenye mrija. Hapo ndipo alipoketi sakafuni.