Chumvi Kali na Kikombe cha Yaya Masika

Kabla ya yote mjue kwamba mimi ni mwulizaji. Marehemu mama alisema nilitoka tumboni nikiuliza njia. Naitwa Kavira, Mnande, nauza samaki wa chumvi mjini Butembo. Hata wakati wa vita nilipanda malori kuwafuata ziwani Vitshumbi, nikarudi kwa njia ya Kayna na Lubero nikiwa juu ya magunia. Nilikuwa na nguvu. Mzigo uliowashinda vijana wawili, mimi niliubeba mgongoni kwa kamba ya kipajini.

Siku moja, tulipoiacha Kayna, tulikuta askari wamefunga njia kwa gogo. Dereva akakanyaga breki ghafla. Nikarushwa kutoka juu, nikaangukia upande wa kulia wa kichwa. Nikainuka, nikajipangusa, nikacheka. Nikawaambia wenzangu, "Kichwa ya Munande ni jiwe!"

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilifika nyumbani, mtaa wa Vulamba, nilikokaa na dada yangu mkubwa, Masika, ambaye kwa ukubwa wake namwita Yaya, nisimwambie neno. Nilijua angenikataza safari. Asubuhi kichwa kiliuma mpaka kwenye meno. Nikatapika mara tatu, matapishi yakiruka mbali. Yaya akanishika shingo.

"Njo malaria hiyo. Meza kwanza kinini."

Nikameza. Mchana sahani iliniponyoka mkono wa kushoto. Nikauangalia ule mkono kama wa mtu mwingine, nikamuuliza Yaya ni nani ameiangusha. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Yaya ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Majirani walinibeba kwa tipoyi, machela ya miti, hadi hospitali. Daktari alinifunua macho, akayamulika kwa tochi, akaona mboni ya kulia imekuwa kubwa kuliko ya kushoto. Akamwambia, "Mama, ubongo yake imevimba. Dawa yenye tulizoea imeisha, na njia imefungwa. Tunabakia na maji ya chumvi kali tu. Tutajaribu." Wakainua kitanda kwa matofali upande wa kichwa, wakaniingiza ile chumvi katika mshipa, polepole.

Siku ya tatu nilifungua macho. Wengine huuliza wako wapi. Mimi nilimuuliza daktari kuna nini ndani ya chupa. Yaya alikuwa nje anafua nguo zangu.

"Chumvi," akasema.

"Munatia mutu chumvi mu damu? Mimi ni samaki?"

Akacheka, akavuta kiti. "Weye unauzisha samaki, ee? Ukipaka samaki chumvi, kesho unakuta nini mu beseni?"

"Maji."

"Nani ameitia?"

"Hakuna mutu. Chumvi njo inaivuta mu nyama."

"Voilà. Mufupa ya kichwa haiwezi kupanuka. Ubongo ikijaa maji, inajikaza humo mpaka inakufa. Chumvi inavuta ile maji, inaingia mu damu, unaikojoa. Ukikunywa mingi, maji inarudia mu ubongo. Donc, ni vile hata maji ya kunywa tutakupimia."

Nilifurahi kuliko mtu mwenye kichwa kilichovimba anavyopaswa kufurahi. Miaka yote nimetia samaki chumvi, sikuwahi kujiuliza nguvu hiyo inaweza kufanya nini kingine.

Lakini kiu! Ulimi uligandamana na kaakaa. Muuguzi Kambale alinipa kikombe kidogo, tena kwa saa yake. Yaya alikuwa garde-malade wangu, yaani ndugu anayekupikia, anakuogesha na kulala chini kando ya kitanda chako. Kambale alikuwa amemwambia tu, "Usimupatie maji." Na kwetu mgonjwa akiomba maji hanyimwi. Mama alitulea hivyo. Nikamshika kitenge.

"Yaya, utaniacha nikufe na kiu?"

Akaficha kidumu cha maji chini ya kitanda, nyuma ya sufuria. Kila Kambale alipogeuka, nilipata kikombe. Maji yale yalikuwa matamu, sitadanganya.

Kesho yake kichwa kilirudi kwa hasira. Nilitapika, nikakojoa kitandani, nikamwita Yaya kwa jina la mama. Mkono uliokuwa umeanza kushika ukalegea tena. Daktari alisimama miguuni pangu, akamwambia Kambale kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Chumvi imeshindwa. Tuiache. Na hatuna kingine."

Chumba kilijaa wagonjwa na garde-malade wao, wengine wanawake wa kanisa letu. Yaya angeweza kunyamaza. Ningekufa, na siri ya maji ningezikwa nayo. Aliinama, akavuta kile kidumu, akakiweka sakafuni mbele ya wote.

"Docteur, si chumvi. Ni mimi. Nilimupatia maji. Alikuwa analia, sikuweza kumunyima."

Mwanamke mmoja akapiga makofi ya mshangao. "Kumbe weye njo unamuua!"

Daktari alimnyamazisha kwa mkono. Akachuchumaa, akakitikisa kidumu. "Amekunywa ngapi?"

"Tangu jana, yote."

"Aksanti, mama. Sasa tunajua. Kambale, turudilie chumvi."

Hapo ndipo Yaya alipolia. "Mbona hamukuniambia sababu? Mulisema tu usimupatie."

Daktari akamketisha kando yangu. Alimweleza habari ya samaki tangu mwanzo, taratibu, na safari hii Kambale naye alisikiliza. Siku zilizofuata Yaya aliilowanisha midomo yangu kwa kitambaa, tone kwa tone, nami nikamtukana kwa Kinande chote nilichonacho. Kisha nikapona. Mkono wa kushoto bado ni mvivu kidogo, lakini unasuka nywele.

Ukiangukia kichwa, sema siku ileile. Ukiuguza mtu, uliza sababu hata kama wanakuona msumbufu. Nanyi waganga wa hospitali, mwelezeni yule anayeshika kikombe.

Sokoni wapo wanaosema hadi leo kwamba Masika nusura amuue mdogo wake. Nasikia uchungu kila mara, kwa maana habari ya samaki niliambiwa mimi, si yeye. Niliyejua ndiye niliyeomba maji. Namshukuru Mungu kwa chumvi na kwa yule daktari. Namshukuru zaidi Yaya, aliyekubali kuitwa muuaji mbele ya watu ili mimi nisife.