Mshono wa Odile Ulipona Kabla ya Wangu

Kompyuta ndiyo iliyochagua tumbo langu lifungwe na nini. Si mimi, wala daktari.

Naitwa Verna. Nimepika miaka ishirini na sita kwenye shule moja hapa Thunder Bay, Kanada. Machi mwaka juzi wakanikuta na saratani ya utumbo mpana. Kabla ya upasuaji nesi akaniletea fomu: kuna utafiti, wengine ngozi inabanwa kwa pini za chuma, wengine inashonwa kwa uzi. Wanataka kujua ipi inapona vizuri.

Nikasaini.

Kitanda cha pili alilala Odile, mjane wa dereva wa treni. Ugonjwa ule ule, daktari yule yule, siku ile ile. Kompyuta ikatugawa: mimi nikapata pini. Yeye uzi.

"Shoga, wamekubana kama makaratasi ya ofisi," akanitania nilipofunua shuka.

"Na wewe kama pindo la pazia. Tutaona nani atafumuka."

Siku ya sita nikafumuka mimi.

Usaha. Wakang'oa pini, wakaacha kidonda wazi kijijaze chenyewe kutoka chini. Kila asubuhi nesi anashindilia kitambaa cha dawa mle ndani, mimi nang'ata mto.

Wa Odile? Mstari mwembamba, mkavu. Kila daktari aliyepita aliusifia.

Sitawadanganya, niliuchukia ule mshono. Nikaanza kumnunia mwenye nao. Siku anaruhusiwa, nilijifanya nimelala.

Siku ya thelathini wote tuliitwa kliniki kukaguliwa. Odile aliletwa kwa kiti cha magurudumu na binti yake, Solange. Amekonda, shingo imebaki mishipa.

Nesi akampiga picha tumbo. "Safi kabisa. Kimepona," akasema, akaandika.

Odile akatabasamu kidogo. Solange akatoka kuleta gari.

"Una bahati wewe," nikamwambia.

Akanitazama. "Verna, wewe walikutoa nini?"

"Utumbo. Kipande kirefu tu."

"Mimi hawakutoa kitu. Walifungua, wakakuta imetapakaa kila mahali. Wakafunga. Daktari aliniambia nilipozinduka."



"Kwa hiyo siku zote zile ulikuwa unajua?"

"Nikwambie ili iweje? Ulikuwa na kidonda chako. Halafu ulikuwa unanichekesha, mpaka uliponinunia."

Alifariki baada ya siku kumi na moja.

Kwenye karatasi za utafiti, Odile yuko upande wa waliopona. Mimi niko upande wa walioharibika.

Kidonda changu kilikuja kufunga Septemba. Januari hii picha zimeonyesha madoa kwenye ini. Daktari hajataja upasuaji tena, na mimi sijamuuliza.

Ninachoweza kukwambia ni hiki tu. Ukilazwa jirani na mtu, usimwonee wivu kwa kile unachokiona juu. Muulize ana hali gani, halafu nyamaza umsikilize. Mimi nilikaa naye siku tisa, na sikumuuliza hata mara moja.