Ndege ya Vipande Yapewa Kiti

Tangu ndege ya Gavana ipite juu ya migomba yetu, muuza ndizi wa kituo cha basi cha Chonyonyo huuza pia ndege za mti za kuchezea. Zamani aliziuza nzima, zikavunjikia ndani ya basi, na wanunuzi wakaacha kuja. Karo ya wanawe haikuacha. Sasa anauza vipande na bonge la ulimbo wa kugandishia.

Juzi mzee mmoja alifungua furushi, akacheka. "Mama, unaniuzia ndege iliyokwishaanguka?"

"Na ndizi ninazokuuzia, baba, nani hukumenyea?"

"Basi punguza bei. Kazi umeniachia mimi."

Mimi, niliyekuwa nikingoja basi hilohilo, nikamwuliza kama mti ulijichonga wenyewe. Mama akanipungia mkono ninyamaze, akampa mzee bawa moja. "Shika tu, baba."

Akalipachika. Akapachika la pili, kisha mkia, huku ulimi ukimtoka nje. Basi lilipopiga honi, ndege ilikuwa nzima.

"Kama bei ni kubwa, nirudishie."

"Hii? Hii nimeiunda mimi!" Akalipa yote.

"Msiniguse bawa!" alitupigia kelele ndani ya basi hadi tulipofika Rugera. Na nani aliinuka kuipisha ndege kiti? Mimi niliyemgombeza. Nilisimama njia nzima, ndege imekaa.